Mbwa wa HMV Hasikii Unachodhani

Kama kwenu bado kuna sanduku la santuri za babu, hebu toa moja uangalie kile kikaratasi cha katikati. Huenda ukakuta mbwa mweupe mwenye masikio meusi amekaa mbele ya pembe kubwa ya shaba, kichwa kimeinama upande kama mtu anayetega sikio kwa umbea wa jirani. Wengi wetu tumemwona hata kwenye fulana za mitumba bila kujua ni nani. Huyo si katuni, wasee. Aliishi, aliuma watu, akafa. Na kila nikisikia mtu anasema ati bendi ni mambo ya wazee, spika inatosha, namkumbuka yeye.

Jina lake ni Nipper. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884, na jina alilipata kwa tabia yake ya kuwauma wageni miguuni. Mwenyewe alikuwa Mark Barraud, fundi wa kuchora mandhari za jukwaa katika jumba la maonyesho. Yaani huyu alikuwa mbwa wa mtu wa shoo. Mark alifariki 1887, na ndugu yake Francis, mchoraji, akamchukua Nipper na kuhamia naye Liverpool. Nipper akafa 1895. Pale alipozikwa, mjini Kingston upon Thames, leo pamejengwa benki.

Miaka 3 baada ya mbwa kufa, Francis alimchora. Alikumbuka jinsi Nipper alivyokuwa akisogea kwenye mashine ya sauti, akishangaa sauti inatoka wapi kama mtu haonekani. Ukiishi na mbwa unajua huo uso. Anakupa huo uso ukificha mkate nyuma ya mgongo.

Hapo ndipo watu huongeza chumvi. Utaambiwa mbwa alikuwa akisikiliza sauti ya Mark, marehemu, ndiyo maana picha ikaitwa Sauti ya Bwana Wake. Inaliza, lakini piga hesabu: Mark alikufa 1887, na Edison alitoa fonografu yake mpya ya nta mwaka 1888. Hiyo hadithi ya marehemu mimi siinunui.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi huona ndilo muhimu. Mashine ya kwanza katika ile picha ilikuwa fonografu, na fonografu ilikuwa na uwezo wa kurekodi. Mtu aliweza kukaa nyumbani, akaimba kwenye pembe, akasikia sauti yake, ya mkewe, hata ya mbwa wake akibweka. Francis alijaribu kuiuzia picha kampuni ya fonografu, ikakataa. Mwaka 1899 akaenda Kampuni ya Gramafoni jijini London kuazima pembe ya shaba, ili picha ing'ae zaidi. Meneja akaiona akasema ataichukua, kwa sharti moja: futa hiyo fonografu, chora gramafoni yetu. Francis akafuta. Akalipwa pauni 100, yaani 50 za picha na 50 za haki zake.

Gramafoni haikurekodi. Ilicheza sahani tu, na sahani zilitoka kampuni. Umeelewa kilichofanyika hapo? Mbwa ni yule yule, kichwa kimeinama vile vile, lakini mashine mpya haina njia ya kushika sauti ya mtu wa nyumbani. Anachosikia sasa ni bidhaa. Na ukiitazama ile picha halisi kwenye mwanga unaofaa, rangi ya fonografu ya zamani bado inaonekana chini ya rangi mpya.

Huyo mbwa alikuja hadi huku kwetu, Afrika Mashariki, na aliyemleta kwa kishindo ni Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Hakusoma. Alipohamia mjini akawa mwimbaji wa taarabu ambaye mji mzima ulimjua, kuanzia majumba ya matajiri hadi Ng'ambo, upande wa makabwela. Mwaka 1928 yeye na wanamuziki wake walipanda meli hadi Bombay, India, kurekodi na HMV, kampuni ya mbwa wetu.

Lakini Siti hakutengenezwa Bombay. Alitengenezwa usiku. Ng'ambo watu walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake jioni, habari za mchana zinamwagwa hapo: nani kaonewa, kesi gani imeamuliwa vibaya mahakamani, na kodi ya ardhi, ambayo mwaka huo huo wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Wimbo wa Kijiti, mojawapo ya zile zilizovuma sana, ulitokana na kesi halisi ya mauaji. Wimbo ulitoka mtaani, ukajaribiwa mbele ya watu, wakatunza au wakanuna.

Sahani ya santuri ya wakati huo ilibeba dakika 3 hivi kila upande. Wimbo wa taarabu ukumbini hauna haraka hiyo, manze. Mtu akiinuka kutunza, mwimbaji anarudia beti. Mwenye kuguswa na fumbo akinuna, linarudiwa mara tatu, makusudi. Hakuna sahani iliyobeba hiyo. Ilibeba sauti, tena ikatufikishia hadi leo, na kwa hilo nasema asante. Ila yule aliyeinunua alikuwa ananunua kipande cha usiku ambao wengine walikuwa ndani yake mzima mzima.

Kichekesho ni kwamba huyu mbwa aliingia sebule za Waislamu wa Pwani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi kule, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyumba isiyofuga mbwa ikawa na mbwa wa karatasi akizunguka katikati ya sahani, na hakuna aliyemfukuza.

Kwetu kuna mbwa anaitwa Bosi. Anakula ugali na omena, analala mlangoni, anamchukia mtu wa bodaboda bila sababu. Spika yangu ya Bluetooth inaweza kupiga siku nzima na hainui hata sikio. Lakini ng'ambo ya barabara kuna baa yenye bendi Jumamosi, watu wanne, gita mbili, ngoma na sauti. Wakianza kukaza nyuzi, Bosi anaamka, anaenda langoni, anakaa. Kichwa upande. Sisemi hii ni sayansi, pengine ananusa nyama choma tu. Lakini anakaa hadi wamalize.

Mwimbaji wao aliniambia mwenye baa anataka kuwaondoa mwisho wa mwezi. Hesabu yake ni rahisi: flashi haili, haidai nauli, haichelewi na matatu. Wao wanagawana pesa za mlangoni, na mlangoni watu ni wachache kwa sababu sisi tuko nyumbani tunasikiliza rhumba ile ile kwenye simu, tukiandika jinsi muziki wa zamani ulivyokuwa na roho. Buda, hiyo roho iko mita hamsini kutoka kwako na inakaza nyuzi.

Jumamosi hii wanaanza saa mbili usiku. Kiingilio ni mia mbili. Bosi atasikiliza bure, kutoka langoni.