Treni ya Kutoka Moshi
Sehemu ya Kwanza

Jumatatu, tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia kwenye ghuba ya Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita melini mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akampa ujumbe mfupi: salimisheni mji ndani ya saa moja, la sivyo tunapiga mizinga.

Auracher akaomba kwanza awaulize wakubwa wake. Akaruhusiwa. Alipofika nchi kavu tu, telegramu ikaruka kwenda Moshi, naye akavua nguo za kiraia, akavaa magwanda.

Saa moja ikapita. Mizinga ikanyamaza.

Caulfeild alikuwa ameingiwa na hofu kwamba bandari ilitegwa mabomu. Akaamuru maji yasakwe. Hakukuwa na bomu hata moja, na muda ule haukurudi tena. Maana nje ya upeo wa macho, baharini, zilikuwa zikingoja meli 14 zenye askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wengi wao walikuwa hoi kwa kichefuchefu cha bahari. Mombasa, Aitken alikuwa amepewa nafasi ya kuchukua askari wa King's African Rifles, watu walioijua nchi. Akawakataa.

Na Tanga siku ile ilikuwa karibu tupu. Angeshuka mara moja, angeingia mjini kwa miguu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mbali. Juni 28 mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo, na kabla wiki sita hazijaisha mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yakichinjana. Huku kwetu ilikuwepo njia ya kukaa pembeni: Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu makoloni ya ukanda wa Kongo, pamoja na Afrika Mashariki, yasiingizwe vitani. Gavana Heinrich Schnee aliing'ang'ania njia hiyo. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka hata kuisikia. Alitaka Waingereza walazimike kuleta huku majeshi ambayo vinginevyo yangepigana Ulaya. Katika hesabu zake, nchi hii nzima, na mashamba yake na watoto wake, ilikuwa mahali pa kumchosha adui. Wenye nchi hakuwauliza, wala Schnee hakuwauliza, wala Waingereza.

Telegramu ya Auracher ilimkuta Lettow-Vorbeck huko Moshi. Reli ya Usambara ilikuwa na njia moja tu, zaidi ya kilomita 300 hadi Tanga, na mabehewa yalikuwa machache. Treni moja ilibeba kama kombania moja. Askari wakapakiwa: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Wengi walishika bunduki za muundo wa 1871, ambazo kila zilipolia zilifuka wingu la moshi na kumwonyesha adui pa kulenga. Treni ikashuka kuelekea Korogwe, nyuma yake nyingine, na nyingine tena.

Usiku huohuo Waingereza walianza kushuka Ras Kasone, wakikanyaga tope na mikoko gizani. Alfajiri ya Jumanne wakauendea mji. Kikosi kidogo kilichokuwa Tanga kikawazuia, na treni za kwanza zikawasili risasi zikiendelea kulia. Washambuliaji wakarudi ufukweni, wakiacha maiti nyuma yao. Aitken akaamua asisogee tena mpaka jeshi lake lote lishuke. Akaipoteza siku ya pili.

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano, Lettow-Vorbeck alishuka Kange, kilomita chache kabla ya mji, huko iliko stendi kuu ya mabasi siku hizi. Hakujua adui ameshika wapi. Akachukua baiskeli, yeye na wenzake wachache, wakaingia Tanga.

Mji ulikuwa umehamwa. Mbalamwezi ilimulika kuta nyeupe, na mitaani hapakuwa na mtu. Ni nani aliyewaambia akina mama wa Tanga waende wapi na watoto wao usiku ule? Vitabu vya majenerali havisemi, na mimi hilo ndilo linaloniuma kila nikivisoma.

Waliziacha baiskeli kwenye hospitali ya Wajerumani, wakatembea hadi ufukweni. Mbele yao kabisa ilikuwa manowari ya Kiingereza. Nyuma yake zilikuwa meli nyingi, taa zikiwaka. Lettow-Vorbeck alikuwa na askari kama 1,000 hivi, na baadhi yao bado walikuwa njiani.

Wakageuka kuzifuata baiskeli. Walipoikaribia hospitali, sauti kali ikawaamuru kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeielewa. Mtu hakuonekana. Ilikuwa sauti ya mlinzi kutoka India, na ilitokea hukohuko walikoziacha baiskeli.

Itaendelea Jumamosi ijayo.