Mimea Isiyoomba Maji: Historia ya Magugu Sugu Isiolo

Mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, katika misimu miwili ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kadiri mto Ewaso Nyiro unavyoteremka kuelekea Merti na Sericho, ndivyo mvua inavyozidi kupungua. Katika nchi ya namna hii, kila aliyetaka ua wa boma, kivuli cha shule au kijani mbele ya ofisi alitafuta mmea wa aina moja: unaostahimili jua, usiomalizwa na mbuzi, usiohitaji mtu wa kuumwagilia. Mimea hiyo ilipatikana, mingi kutoka Amerika. Baadhi yake ndiyo magugu sugu yanayoisumbua kaunti na majirani zake leo, kwa kuwa sifa zilizofanya ipandwe ndizo zile zile zinazoifanya ising'oleke.

Kabla ya mimea hiyo kuingia, vichaka vilizuiwa na nyasi zenyewe. Malisho ya Waborana yaligawanywa chini ya dedha, mamlaka ya wazee waliopanga wapi pachungwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi paachwe kama akiba ya ukame. Nyasi zilizopumzishwa zilifunika udongo na kunywa maji ya juu kabla miche ya miiba haijapata nafasi, na moto uliowashwa kwa wakati wake uliunguza miche iliyoponyoka. Utawala wa kikoloni uliuona moto huo kama uharibifu na kuupiga vita. Kwa kuuzima, uliondoa nguzo moja ya palizi ya nchi nzima, na hilo halijapewa uzito unaostahili katika historia ya malisho ya kaskazini.

Isiolo yenyewe ilikua kama kituo cha kuzuilia mifugo. Ng'ombe kutoka kaskazini walishikiliwa hapo na kuchunguzwa homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kuvuka kwenda kusini, walikokuwa walowezi. Mwaka 1929 makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini yalihamishiwa hapo kutoka Meru. Mji ukawa wa askari wa zamani wa Kisomali, wachuuzi, watumishi wa serikali, na mifugo inayosubiri. Mifugo wengi wakikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, nyasi huisha, kwato huacha vumbi tupu, na samadi hubaki na mbegu za kila walichokula njiani. Kwa gugu, hapo ni shamba lililokwisha kulimwa.

Magharibi ya Isiolo, Dol Dol katika Laikipia, ndiko mpungate, aina ya dungusi kakati, ulikoanzia safari yake. Uliletwa na watawala wa kikoloni uwe ua hai, na kwa kazi hiyo ulifaa: kipande kimoja kikitupwa chini huota mizizi, na hakuna ng'ombe anayepita katikati ya miiba yake. Ila matunda yake ni matamu. Nyani na tembo waliyala na kuzibeba mbegu mbali, na mbuzi na kondoo wakafuata. Vinyweleo vya tunda hilo hupenya kwenye fizi, ulimi na macho ya mnyama, na anayeendelea kulila hudhoofika akiwa katikati ya chakula. Eneo la Oldonyiro, upande wa magharibi wa Isiolo, linapakana na nchi hiyo ya mpungate.

Kisa cha mathenge ni kirefu zaidi. Mti huu, unaojulikana kwa wataalamu kama Prosopis juliflora, ulipandwa Kenya mwaka 1973 katika machimbo ya mawe ya Bamburi, Mombasa, ili kurudisha uhai kwenye ardhi iliyobaki matumbawe matupu. Ulifanikiwa. Muongo uliofuata ulikuwa wa ukame, na hofu ya jangwa ilikuwa imetanda Afrika nzima, hivyo serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zikaupeleka Baringo katika mradi wa kuni na upandaji miti ulioanza mwaka 1982. Ulipandwa pia Turkana na kandokando ya mto Tana. Nia ilikuwa njema, na hitaji la kuni lilikuwa la kweli. Kilichokosekana ni mpango wa nani angeutunza mti huo ukishakua, kwani ulisifiwa kwa kutohitaji kutunzwa.

Mathenge mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndani ya maganda yenye sukari. Mbuzi, ng'ombe na ngamia huyapenda maganda hayo. Mbegu ngumu hupita tumboni bila kuvunjika na kuangushwa kwenye samadi, tayari zina mbolea na unyevu. Biashara ya mifugo ya kaskazini huelekea Isiolo, na mnyama anaweza kutembea siku kadhaa akiwa na mbegu tumboni. Mafuriko nayo huzoa maganda na kuyatandaza kwenye kingo za mito, mahali ambapo mfugaji hutegemea malisho ya kiangazi na mkulima wa umwagiliaji huchimba mifereji. Ndiyo sababu msitu wa mathenge hujipanga kufuata maji na njia za mifugo. Leo Isiolo imo katika orodha ya kaunti zilizovamiwa, pamoja na Baringo, Turkana, Garissa, Tana River, Wajir na Mandera.

Wakazi wa Ng'ambo huko Baringo ndio walioifanya nchi isikilize. Mwaka 2006 walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, na wakamfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mathenge. Mwaka 2008 mti ulioenezwa na serikali ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu, chini ya sheria ya magugu iliyotungwa zama za ukoloni. Sheria hiyo humtaka mwenye ardhi aling'oe gugu lililo kwake. Kwa shamba la kahawa lenye hati na mwenye shamba, amri hiyo inatekelezeka. Malisho ya jumuiya ya Isiolo hayana mtu mmoja wa kupelekewa amri, na mbegu hazijui mpaka wa kaunti.

Panga peke yake halikuweza kitu. Mathenge uliokatwa juu ya ardhi huchipua upya kutoka kwenye macho yaliyo chini kidogo ya udongo, na badala ya shina moja huja mengi, kichaka kikawa kizito kuliko mti wa awali. Kinachofaa ni kuchimba kisiki kwa sururu hadi chini ya sehemu hiyo yenye macho, kisha kurudi kila msimu kung'oa miche ikiwa bado laini, maana akiba ya mbegu hukaa udongoni kwa miaka. Watu wengine waligeuza mti kuwa mkaa, nguzo na chakula cha mifugo. Maganda yakisagwa hadi mbegu zivunjike, huwa lishe nzuri bila kupanda mti mpya. Matumizi haya huingiza fedha, lakini anayekata kwa ajili ya mkaa huchagua mashina manene na kuacha visiki, hivyo eneo haliponi.

Kwa mpungate njia ilikuwa tofauti, kwa sababu kila kipande kilichokatwa na kuachwa chini ni mche. Australia ilijifunza hilo mapema: kufikia miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika mamilioni ya hekta, hadi viwavi wa nondo Cactoblastis walioletwa kutoka Argentina mwaka 1925 walipoubomoa ndani ya miaka michache. Kenya ilichagua mdudu mwingine, kochinili, afyonzaye utomvu wa mpungate akiwa amejifunika nta nyeupe kama pamba. Tangu mwaka 2014 amekuwa akiachiwa Laikipia dhidi ya Opuntia stricta, jamii zenyewe zikimzalisha katika mabanda na kuweka vipande vyenye wadudu juu ya mimea mizima. Kazi yake ni ya polepole, na mvua kubwa humwosha, lakini hufika mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

Si kila gugu la Isiolo ni mgeni. Mgunga wa kienyeji ambao Wasamburu huuita lchurai umezaliwa hapa hapa, na huzidi pale nyasi zinapolishwa hadi kwisha. Chini yake udongo hufunga ganda gumu na mvua huteleza juu yake. Katika hifadhi za jamii za Isiolo na Samburu, vikundi vya vijana na wanawake huukata karibu na shina, hupasua ganda la udongo, husia mbegu za nyasi na kuzifunika kwa matawi yale yale ya miiba. Matawi huzuia mbuzi, hushika unyevu na kukinga miche dhidi ya upepo. Kati ya mbinu zote zilizojaribiwa katika ukanda huu, hii ndiyo inayokaribia zaidi busara ya dedha, kwa sababu inajaza nafasi iliyoachwa na gugu badala ya kuiacha wazi.

Kanuni hiyo hufanya kazi hata kwenye bustani ya maua nyuma ya duka mjini. Mbigiri, ambao miiba yake hutoboa ndala, huishi msimu mmoja tu. Ukipaliliwa kabla ya kuzaa, idadi yake hupungua mwaka hadi mwaka. Ndago ni mshindani mgumu zaidi. Viazi vyake vidogo vimeunganishwa kwa nyuzi chini ya udongo, na jembe linalokata nyuzi hizo huamsha kila kiazi kilichokuwa kimelala. Huchimbuliwa kwa uma wa bustani udongo ukiwa na unyevu, viazi huokotwa na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa, na majani yanayochipua baadaye hung'olewa kila yanapotokea, ili viazi vilivyobaki viishiwe akiba. Kisha kitalu hufunikwa kwa nyasi kavu na kupandwa maua kwa kubanana, ili kivuli kifike kila mahali, kwani ndago hudhoofika kivulini. Nyasi hizo hukatwa kabla hazijatoa mbegu, na samadi kutoka zizi lenye mifugo iliyokula maganda ya mathenge haitiwi kitaluni.