Kani, kanieneo na ubavu wa mashua

Neno 'presha' tumelizoea. Mzee ana presha, gurudumu limepungukiwa na presha, waziri yuko chini ya presha. Magazetini tunaandika 'shinikizo', na kwenye vitabu vya sayansi tunakutana na 'mgandamizo' na 'kanieneo'. Wapo wasemao kwamba haya yote ni mamoja, kila mtu achague lake. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mashua.

Maji yakipwa pale Msambweni, itazame mashua iliyokalia mchanga. Ubavu wake haukunyooka kama ukuta; umepinda kutoka ukingoni hadi kwenye mkuku. Ikirudi majini, maji huusukuma ubavu huo kila mahali, na kila mahali huupiga ubao kwa pembe mraba. Karibu na uso wa maji msukumo huelekea ndani. Chini, karibu na mkuku, huelekea juu. Sasa, huo utauitaje mgandamizo? Kugandamiza, kwa sikio la Mswahili, ni kubana kitu kutoka juu. Mashua iliyogandamizwa si ingezama?

Kani ina mwelekeo, kanieneo haina. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na katika maji yaliyotulia huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Penye ubao ulionyooka mwanafunzi aweza kuyachanganya maneno haya na bado akapata jibu, maana misukumo yote yaelekea upande mmoja. Penye ubao uliopinda, hawezi.

Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliijua jumla: chombo hubebwa na kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondosha. Jumla hiyo haisemi kila ubavu unasukumwa vipi. Hesabu ya maji kwenye kuta na sakafu tunaipata kwa Simon Stevin, aliyechapisha kitabu chake Leiden mwaka 1586. Alionyesha kwamba kani iliyo juu ya sakafu ya chombo hutegemea kina na eneo, wala si wingi wa maji yaliyomo. Lakini linalonivutia mimi, mtu wa lugha, ni kwamba Stevin hakuandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya zama hizo. Aliandika kwa Kiholanzi, akakitetea kuwa ndicho kifaacho sayansi, akaunda na istilahi zake. (Kuunda lenyewe, tusisahau, kamusi za kale hulihusisha hasa na vyombo vya baharini.) Mpaka leo Waholanzi huiita hisabati wiskunde, neno lililotokana na la Stevin.

Turudi ubavuni. Ujanja wa wahandisi ni kuigawa kani mara mbili. Kani ya mlalo ni ile ambayo ingekipiga kivuli cha ubavu kwenye ukuta ulio wima. Kani ya wima ni uzito wa maji ambayo yangejaa kati ya ubavu na usawa wa bahari. Chukua ubavu ulio robo ya duara, nusu kipenyo mita 1, urefu mita 1, katika maji ya bahari yenye kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo. Kani ya mlalo ni sawa na uzito wa kilo 512 hivi, ya wima kilo 805. Zile 805 ndizo zinazoieleza mashua, yaani kuifanya ielee. Zile 512 zinakutana na 512 za ubavu wa pili, kwa hiyo mashua haiendi kokote, ila inabanwa. Anayeubeba mbano huo ni taruma. Ndiyo maana fundi hapunguzi mataruma ati kwa kuwa mbao ni nene.

Mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya huyasoma haya kwa Kiingereza, hatua chache kutoka mashua yenyewe. Wenzetu wa Dar es Salaam walichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990, kwa hivyo hoja ya kukosa istilahi haisimami. Kwa upande wangu, presha ibaki hospitali na gereji, shinikizo libaki kwa wanasiasa. Darasani, penye hesabu, nataka kani na kanieneo, kila moja kwa kazi yake.