Leseni Isiyotolewa: Wapika Pombe na Hazina ya Mji wa Durban, 1908-1962

Hati ambayo Kiswahili sanifu huiita leseni, na ambayo wafanya biashara wadogo wa Kongo huijua zaidi kwa jina la patenti, huelezwa kwa kawaida kuwa ni chombo cha kuweka utaratibu. Serikali humtambua muuzaji, hukagua mahali pake, hutoza ada, na mnywaji hulindwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Historia ya pombe katika miji ya Afrika yaonyesha kwamba leseni imetumika pia kuhamisha biashara kutoka mikono fulani hadi mikono mingine, na kwamba kulijua jina la aliyenyimwa kwafaa kuliko kulijua jina la aliyepewa. Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa Durban, bandari ya Natal katika Afrika ya Kusini, kwa sababu huko aliyejipa ruhusa alikuwa mji wenyewe.

Kinywaji chenyewe kilikuwa utshwala, pombe ya mtama ya Wazulu. Mtama huloweshwa hadi uote, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji, kisha huachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Ni pombe nzito, yenye uchachu kidogo, isiyo kali, na walioizoea waliihesabu kuwa chakula kama walivyoihesabu kuwa kileo. Kazi ya kuipika ilikuwa ya wanawake. Shambani ilipikwa kwa ajili ya wageni, ya kazi ya ushirika na ya kuwakumbuka wahenga, na mwanamke aliyejua kuipika vizuri aliheshimiwa kwa ujuzi huo.

Mji uliibadilisha hali hiyo. Durban ya mwanzo wa karne ya 20 ilijaa wanaume walioacha wake zao mbali: wapakuzi wa meli, watumishi wa nyumba za wazungu, wavuta riksho, vibarua wa kutwa. Walihitaji kinywaji kilichofanana na cha nyumbani, na wanawake waliotoka mashambani waliwauzia. Kwa mwanamke wa Kiafrika asiyekuwa na kazi nyingi za kuchagua mjini, chungu cha pombe kilikuwa kodi ya chumba, nguo za watoto na nauli ya kurudi kwao.

Mwaka 1908 baraza la kutunga sheria la Natal lilipitisha Sheria Nambari 23 juu ya pombe ya wenyeji. Sheria hiyo iliuwekea kila mji njia mbili. Baraza la mji liliweza kuwapa watu binafsi leseni ya kupika na kuuza, au liliweza kujiwekea lenyewe haki hiyo yote na kumkataza kila mtu mwingine. Durban ilichagua njia ya pili, na mwaka 1909 mji ulianza kuuza pombe katika majumba yake wenyewe. Kwa tendo hilo moja, kazi iliyokuwa ya wanawake tangu kale ikawa kosa la jinai kwa mwanamke yeyote aliyeifanya ndani ya mipaka ya mji kwa ajili ya kuuza, na ikawa huduma halali ilipofanywa na manispaa. Mtama ni ule ule, uji ni ule ule, na wanywaji ni wale wale.

Ni lazima kuangalia fedha zilikwenda wapi, kwa maana hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Faida ya majumba ya pombe iliingizwa katika mfuko wa pekee wa utawala wa Waafrika mjini. Mfuko huo ulijenga mabweni ya vibarua, ukalipia maofisa na polisi, na ukawezesha Durban kuwa na idara yake ya mambo ya wenyeji mwaka 1916. Walipa kodi wazungu hawakutoa sehemu kubwa ya gharama hiyo. Mfanyakazi aliyekunywa baada ya kazi ndiye aliyemlipa askari wa kukagua kibali chake njiani, na ndiye aliyemlipa askari wa kuvunja mitungi ya dada yake. Watawala wa miji mingine waliuona mpango huo kuwa wa busara kubwa wakauita "mfumo wa Durban". Kwa upande wa hesabu hawakukosea.

Wanawake hawakuacha kupika. Walipika usiku, wakafukia mapipa ardhini, wakaongeza vitu vya kuharakisha uchachu kwa kuwa msako haukungoja siku tatu. Nyumba za namna hiyo ziliitwa shebeen, neno lililosafiri kutoka Ireland, ambako nako lilimaanisha mahali pa kuuza pombe bila ruhusa. Jambo hili lastahili kufikiriwa na wanaodai kwamba katazo lilikuwa la afya: pombe iliyopikwa kwa haraka na kwa hofu ndiyo iliyokuwa ya hatari, na hofu hiyo ililetwa na sheria.

Uvumilivu ulikwisha mwaka 1929. Habari kwamba jumba jipya la pombe lingejengwa Sydenham, pembezoni mwa Durban, ziliwachukiza wakazi, na chama cha wafanyakazi kilichoitwa ICU yase Natal, chini ya uongozi wa A. W. G. Champion, kilitangaza mgomo wa kutokunywa katika majumba ya manispaa. Mwezi Juni umati wa wazungu uliizingira nyumba ya chama hicho. Katika mapigano yaliyofuata walikufa watu 8, Waafrika 6 na wazungu 2. Katika miji midogo ya Natal wanawake walikwenda kwenye majumba ya pombe na fimbo mikononi, wakawafukuza wanaume waliokuwa wakinywa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mshahara wa mume unaishia katika hazina ya mji, na mke akijaribu kuurudisha nyumbani kwa kupika mwenyewe hufungwa. Mwezi Novemba waziri wa sheria, Oswald Pirow, alikwenda Durban na kikosi cha polisi wenye gesi ya machozi kuwasaka wasiolipa kodi, na mwaka 1930 Champion alifukuzwa Natal.

Mfumo wenyewe haukufukuzwa. Sheria ya Maeneo ya Mijini ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kuifungulia miji yote ya Afrika ya Kusini njia hiyo, na baada ya marekebisho ya 1937 Johannesburg nayo ikajenga majumba yake. Kaskazini, Nairobi iliiga mapema katika miaka ya 1920, huko Pumwani, na miji ya migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, iliyo mpakani na Katanga, ilikuwa na majumba ya namna hiyo. Wanafunzi wa lugha watapendezwa na neno moja kutoka upande huo. Kibuku, kama kiitwavyo Lubumbashi, ni chibuku ya Zambia. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na buku, yaani daftari, ambamo mtengenezaji wake Max Heinrich aliandika vipimo vyake huko Kitwe katika miaka ya 1950. Ujuzi ambao wanawake waliubeba kichwani bila karatasi uliingia kiwandani ukiwa na jina la karatasi. Lutuku ya Katanga ina habari zake nyingine, lakini mpikaji wake, kwa kawaida mwanamke, angeitambua bila shida hali ya wenzake wa Durban.

Mapambano ya mwisho makubwa yalitokea Cato Manor, mtaa wa vibanda ambao wakazi wake waliuita Mkhumbane. Manispaa ilikuwa ikiubomoa na kuwahamishia watu KwaMashu, na polisi walikuwa wakiharibu pombe na vyombo vya kupikia. Mwezi Juni 1959 wanawake waliingia katika jumba la pombe la manispaa, wakawatoa wanaume, wakaimwaga pombe. Kesho yake walikusanyika kwa wingi ili kusema na ofisa mkuu wa idara ya wenyeji, nao walitawanywa kwa marungu. Ghasia zikaenea na majengo ya manispaa yakachomwa. Mwezi Januari 1960 polisi 9 waliuawa katika mtaa huo huo.

Sheria iliyopitishwa mwaka 1961 iliwaruhusu Waafrika kununua pombe za chupa kuanzia Agosti 1962. Wakulima wa zabibu na wenye viwanda walikuwa wamelitamani soko hilo kwa muda mrefu. Mnywaji alipata uhuru wake, na katika mitaa ya Waafrika maduka ya kuuza chupa hizo yakawa tena ya manispaa. Mwanamke wa shebeen alinunua chupa zake humo kwa bei ya rejareja, akaongeza faida yake kidogo, akaziuza gizani kama zamani, kwa maana leseni yake ilikuwa bado haijaandikwa. Wanafunzi wa Soweto walipoondoka mitaani Juni 1976, majumba ya pombe yalikuwa miongoni mwa majengo waliyoyaacha yakiwaka.