Kilo Tano na Robo

Bunduki ya babu tuliipima kwa mizani ya ndoano, tuliyoazima kwa mnunuzi wa mahindi. Tuliitundika mizani kwenye boriti ya jiko la bibi, bunduki ikaning'inia katikati ya moshi kama ndizi za kuiva. Kilo tano na robo. Babu alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Sasa unaona. Nilidhani ni mimi nimeisha."

Nilikuwa nimefika Bisibo kwa likizo, na kwa siri kidogo nilikuwa natafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia. Niliposalimia "shikamoo babu", alinijibu "marahaba mke wangu," kama babu wa huku wanavyotania wajukuu wao wa kike, kisha akaniuliza nimekuja na kalamu tu au nimekuja na nguvu. Alikuwa na kazi. Bega lake la kulia halipandi tena zaidi ya usawa wa kidevu, na kutoka nyumbani hadi shamba la mpakani, ambako nyani na nguruwe pori hushuka jioni, ni mwendo wa nusu saa. Alitaka nimsaidie kuipunguza bunduki uzito.

Hiyo bunduki ni gobore. Baruti unaimimina kwa mdomo wa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, unaomba Mungu. Kitako chake ni cha mninga, kilichochongwa huku huku. Alikuwa nayo baba yake babu, aliyeipata kwa mjomba wake.

Mtu anayeishika leo atajiuliza kwa nini watu waliendelea kubeba chuma kizito namna hii, wakati bunduki za kisasa zilikuwepo. Si kwa kutojua. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba huo husomwa madarasani kama hatua ya kukomesha biashara ya watumwa, na kweli hilo limo. Lakini ukiusoma ukiwa umeshika gobore mkononi, unaona pia kwamba uliamua nani atabeba nini.

Na bunduki hazikuja huku na Wajerumani. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe ilipita Usui, nchi ya Wasubi, na mwaka 1861 Speke na Grant walikwamishwa hapo na Mfalme Suwarora hadi walipotoa hongo. Huwa nafurahi kila ninapofika ukurasa ule. Wenye bunduki waliketi, wakasubiri ruhusa.

Baadaye ruhusa ilibadilisha mikono. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani wenyewe, vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, yenye kilo zipatazo nne na nusu na moshi mzito unaomwonyesha adui mahali ulipolala. Hata aliyekuwa upande wa dola alibeba mzigo wa zamani.

Babu hakujali mambo hayo. Yeye alitaka kujua tukate wapi.

Wazo la kwanza la kila mtu ni mtutu, kwa kuwa ndio mrefu na ndio unaovuta mkono chini. Baba mdogo alishauri tuukate shibiri moja. Babu alikataa hata kabla sijafungua mdomo. Baruti ya gobore inaungua polepole, alisema, inahitaji njia ndefu ili isukume goroli vizuri. Ukiukata mtutu unabaki na kelele na moto mdomoni. Kuupunguza unene kwa tupa ni hatari zaidi, maana pale karibu na fataki ndipo mgandamizo unapokuwa mkubwa, na ndiyo sababu chuma ni kinene pale. Halafu kuna namba. Bunduki yake imesajiliwa polisi kwa jina lake, na namba imegongwa kwenye mtutu. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, babu anaogopa hata kuipaka mafuta mengi sehemu ile.

Ukabaki mti. Na mti ulikuwa umeshapunguzwa mara moja.

Baba yake babu alikwenda Burma na KAR. Aliporudi mwaka 1946, kwa jinsi inavyosimuliwa nyumbani, alichukua tezo akapunguza mbao ya chini ya mtutu, kwa sababu aliona Waingereza wakikata bunduki zao msituni. Hadithi hiyo niliichunguza. Ni kweli Waingereza walitengeneza Lee-Enfield fupi, Namba 5, kwa ajili ya vita vya misituni: walifupisha mtutu kwa zaidi ya sentimita 15, wakachimba chuma hapa na pale, na kutoka kama kilo 4.1 wakafika kama 3.2. Ila ilianza kutengenezwa mwaka 1944, na mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari inapigana bonde la Kabaw, ikafika mto Chindwin mwezi Desemba. Tarehe zinabanana sana. Labda aliiona kwa mbali kabla ya kurejea, labda aliisikia kambini. Nilipomweleza babu hivyo alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesoma sana.

Tatizo langu lilikuwa jingine. Upande wa chini wa kitako, ndipo penye mti mwingi wa kupunguza, kuna alama 19 za kisu. Nilidhani ni wanyama. Babu alisema hapana, ni miaka. Kila mwaka baba yake alipolipia leseni alichonga mstari mmoja, kwa kuwa risiti zililiwa na mchwa.

Nilimwomba tusikate hapo. Nilisema huo ni ushahidi. Nikasema, nadhani kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, kwamba kumbukumbu kama hiyo haipo ofisi yoyote. Babu aliniacha nimalize. Kisha akanipa bunduki, akaniambia niibebe mpaka shambani na kurudi. Nikaibeba. Nikiwa njiani kurudi niliihamisha bega mara sita.

Nilipiga picha alama zote, moja moja, nikiweka rula pembeni. Halafu nikashika kitako na babu akakata kwa msumeno, akamalizia kwa randa na msasa. Kwenye mizani: kilo nne na nusu na ushee.

Siku ya kuijaribu ndipo tulipogundua tulichokuwa tumefanya. Bunduki nyepesi hupiga bega zaidi. Mzigo ule wa mti ulikuwa unameza sehemu ya pigo. Wanajeshi waliopewa ile Namba 5 walilalamika jambo hilo hilo. Babu alifyatua mara moja, akakaa chini kwenye tuta la viazi, akashika bega bila kusema kitu. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu pigo hilo, na sikulikumbuka.

Sasa anatia nusu ya baruti, bila goroli. Ni mshindo tu. Nyani hawajui tofauti, na yeye anasema hakuwahi kutaka kuua nyani, alitaka mahindi.

Kipande tulichokata nilikikuta jioni kwenye kapu la kuni la bibi. Nilikitoa kabla hajawasha moto, nikakirudisha kwenye ile mizani. Kina gramu mia sita hivi.