Denmark na St. Croix: mfalme mmoja, sheria mbili

Lile kopo la bluu la biskuti za siagi, ambalo ukilifungua nyumbani unapata sindano, nyuzi na vifungo vya shati, ndilo Denmark ambayo wengi wetu tunaijua. Ongeza Karen Blixen na shamba lake la kahawa chini ya Ngong. Ongeza zile orodha za kila mwaka za nchi zenye watu wenye furaha zaidi duniani. Picha imekamilika: baiskeli, maziwa, hospitali za bure, chuo kikuu bila karo.

St. Croix labda hujawahi kuisikia. Ni kisiwa cha Karibi chenye kilomita mraba kama 215 hivi, yaani theluthi moja tu ya kaunti ya Nairobi. Pamoja na St. Thomas, St. John na vijisiwa vingine, kinaitwa Visiwa vya Virgin vya Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 87,146 kwa jumla. Denmark ina kama milioni sita.

Ukiambiwa ulinganishe hizi mbili utasema ni ndovu na siafu. Ni kweli, isipokuwa kwa kitu kimoja: kuanzia 1733 hadi 1917, miaka 184, ndovu na siafu walikuwa na mfalme mmoja. Mara kadhaa ndani ya miaka hiyo, serikali hiyo hiyo ilikaa chini ikaandika sheria kwa watu wake wa nyumbani na sheria kwa watu wake wa kisiwani, karibu kwa wakati mmoja. Ukiziweka zile sheria bega kwa bega, ile hoja ya "mbona wengine waliendelea na wengine wakabaki" inaanza kuonekana tofauti kabisa.

(Kuna wanaowaita watu wa Denmark "Wadeni" kwa Kiswahili. Mimi nitasema Wadenmark, tusije tukatoa hukumu kabla ya ushahidi.)

Tuanze na 1733. Mwanzoni mwa mwaka huo mfalme alitoa amri iliyowafunga wakulima wanaume wa Denmark kwenye mashamba ya mabwana waliowazaa chini yao. Kama una miaka kati ya 14 na 36, huwezi kuhama bila ruhusa. Jeshi lilitaka vijana wa kusajili, mabwana walitaka mikono ya kulima, basi wakulima wakafungwa. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Denmark ilinunua St. Croix kutoka kwa Wafaransa. St. Thomas ilikuwa mikononi mwao tangu 1672 na St. John tangu 1718, lakini St. Croix ndiyo iliyokuwa na tambarare nzuri ya miwa. Na mwezi Septemba gavana wao kule, Philip Gardelin, akatangaza kanuni za kuwadhibiti watumwa: mtoro akishikwa, kuna kuchapwa, kuchomwa kwa chuma cha moto, kukatwa sikio au mguu.

Simaanishi kwamba mkulima wa Jutland na mtumwa wa St. John walikuwa na shida sawa. Mkulima alifungwa kwenye shamba. Mtumwa alikuwa sehemu ya mali ya shamba, na mtoto wake angeweza kuuzwa Jumatatu. Ninachosema ni kwamba wote wawili walianzia mahali ambapo mtu hana ruhusa ya kuondoka. Kinachofuata ni stori ya nani aliruhusiwa kutoka hapo, lini, na akiwa amebeba nini.

Watu wa St. John hawakungoja ruhusa. Novemba 23, 1733, waliinuka, wengi wao wakiwa Waakwamu kutoka eneo ambalo leo ni Ghana, wakateka ngome na kushikilia sehemu kubwa ya kisiwa kwa miezi. Ilibidi askari Wafaransa waletwe kutoka Martinique mwaka 1734 ndipo wakashindwa.

Katika biashara hiyo yote, meli za Denmark zilivusha Waafrika zaidi ya laki moja kupitia Atlantiki. Kituo chao kikuu kilikuwa ngome ya Christiansborg, Accra. Sukari ghafi ilirudi Copenhagen, ambako viwanda vya kuisafisha vilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya mji. Ukitembea bandarini leo utakuta ghala kubwa la matofali la zama hizo, bado linaitwa Ghala la West Indies, Vestindisk Pakhus.

Sasa fika 1788. Denmark ilianza kuwafungua wakulima wake. Ndani ya miongo michache wengi walikuwa wanamiliki ardhi waliyolima, wakisaidiwa na mikopo. Jambo hilo lilijivuniwa hata ukajengwa mnara wa uhuru katikati ya Copenhagen. Jiwe la msingi liliwekwa 1792.

Mwaka huo huo wa 1792, Denmark ikatangaza itapiga marufuku biashara ya watumwa. Hapa vitabu vya shule husimama na kupiga makofi: nchi ya kwanza Ulaya! Enyewe ilikuwa hatua. Lakini soma maandishi madogo. Marufuku ingeanza 1803. Kwa miaka kumi iliyobaki, serikali iliwapa wenye mashamba mikopo ya kununua watumwa zaidi, na ikaondoa ushuru kwa wanawake walioletwa, ili watumwa wazaliane wenyewe na meli zisihitajike tena. Waziri wa fedha aliyeongoza mpango huo, Ernst Schimmelmann, alitoka familia iliyomiliki mashamba makubwa St. Croix. Kwa hivyo serikali iliwakopesha wakulima wa nyumbani wanunue ardhi, na iliwakopesha wenye miwa wanunue watu. Utumwa wenyewe haukuguswa kwa nusu karne nyingine.

Ulikuja kuguswa 1848, na waliougusa ni watumwa. Mwaka mmoja kabla, mfalme alikuwa ametangaza kwamba watoto watakaozaliwa watakuwa huru, na wengine wote wangoje miaka 12. Ati wangoje. Julai 3, 1848, watu wapatao 8,000 walijaa mbele ya ngome ya Frederiksted wakidai uhuru siku hiyo hiyo. Kiongozi anayekumbukwa zaidi ni Moses Gottlieb, maarufu kama Jenerali Buddhoe. Gavana Peter von Scholten alifika, akaangalia umati, akatangaza kwamba wote wako huru. Kwa muda mrefu Denmark ilimsimulia von Scholten kama mkombozi. Buddhoe alipakiwa melini akahamishwa kisiwani. Fidia ilipokuja kulipwa, walilipwa waliokuwa wamiliki.

Halafu 1849, mwaka ambao ukiniuliza ndio wa kukaa nao. Juni 5, Denmark ilipata katiba yake: mfalme akaacha kutawala peke yake, bunge likazaliwa, wanaume wa miaka 30 na zaidi wenye nyumba zao wakapata kura. Mpaka leo tarehe hiyo ni siku ya taifa. Lakini mapema mwaka huo huo, St. Croix ilikuwa imepata sheria yake pia, ya kazi. Waliotoka utumwani walitakiwa kuingia mkataba wa mwaka mzima na shamba, Oktoba hadi Oktoba. Ukitaka kumhama mwajiri, unatoa notisi mwezi Agosti peke yake. Ukikosa Agosti, umekwama mwaka mwingine. Mshahara ulipangwa na sheria: senti 15 kwa siku kwa daraja la kwanza, 10 kwa la pili, 5 kwa la tatu. Mkenya aliyesimuliwa na babu yake habari za kipande ataisoma na kuguna tu.

Ardhi haikugawiwa. Hakukuwa na mikopo ya kununua eka mbili tatu kama aliyopata mkulima wa Denmark. Kile kile ambacho serikali ya Copenhagen ilijua kwa vitendo, kwamba mtu huru bila ardhi hana uhuru mwingi, haikukitumia upande wa pili wa bahari.

Miaka 29 baadaye, Oktoba 1, 1878, siku yenyewe ya mikataba, Frederiksted ililipuka. Mashamba kama 50 yaliteketezwa na sehemu kubwa ya mji ikaungua. Watu wa St. Croix wanaita tukio hilo Fireburn, yaani ule moto. Wafanyakazi wengi waliuawa, na 12 walihukumiwa haraka haraka wakapigwa risasi. Kati ya viongozi walikuwa wanawake walioitwa malkia na wenzao: Mary Thomas, Agnes, Mathilda. Mwaka 1882 walivushwa bahari wakafungwa katika jela ya wanawake Copenhagen. Walirudishwa 1887 kumalizia kifungo Christiansted.

Na mwaka huo wa 1882, magharibi mwa Jutland, kijiji cha Hjedding kilifungua kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika nchini Denmark. Wakulima walileta maziwa pamoja, wakagawana faida, na kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na ng'ombe mmoja au thelathini. Mtindo huo ulisambaa kama moto wa kiangazi, siagi ya Denmark ikajaza meza za Uingereza, na huko ndiko utajiri wa kisasa wa nchi hiyo ulikopata miguu. Wajukuu wa waliofungwa 1733 walikuwa wanapiga kura kuhusu siagi. Malkia Mary alikuwa jela.

Niseme wazi, maana mtandaoni watu hupenda jibu fupi: sidhani Denmark ni tajiri leo kwa sababu ya sukari ya St. Croix. Sukari ilijenga majumba, ikakuza biashara na familia kubwa za karne ya 18, hilo halina ubishi. Lakini baadaye sukari ya viazisukari vya Ulaya iliivunja bei ya miwa, na visiwa vikawa mzigo kwa hazina. Ng'ombe, shule na vyama vya ushirika vilifanya kazi kweli. Kinachonisumbua ni kwamba mambo hayo yote yalijulikana, yalikuwa na sheria tayari, na yalifanywa na serikali iliyokuwa na raia wengine iliochagua kutowafanyia.

Mwaka 1905 Copenhagen iliandaa maonyesho ya makoloni katika bustani ya Tivoli. Watoto wawili waliletwa kutoka St. Croix waonyeshwe: Victor Cornelins, miaka saba, na Alberta Roberts, minne. Victor alikuwa na tabia ya kuzurura kuangalia vitu, kama mtoto yeyote, basi wakawekwa ndani ya kizimba. Alberta alifariki kijana kwa kifua kikuu. Victor alibaki Denmark, akawa mwalimu na mwanamuziki, akafa 1985.

Kufikia hapo Denmark ilikuwa inatafuta mnunuzi. Jaribio la kuiuzia Marekani lilianguka bungeni 1902 kwa kura 32 kwa 32. Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadilisha hesabu, maana Marekani iliogopa Wajerumani wangeweka manowari huko. Bei ikafika dola milioni 25 za dhahabu, na juu yake Marekani ikakubali kutopinga Denmark kuimiliki Greenland yote. Desemba 14, 1916, Wadenmark walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakasema uza. Ilikuwa kura ya kwanza ya kitaifa ambayo wanawake wa Denmark walishiriki, maana haki hiyo waliipata 1915. Wanawake wa St. Croix hawakuwa na kura, wala wanaume wao.

Usidhani wote kisiwani walilia. D. Hamilton Jackson, mwalimu aliyeanzisha gazeti na chama cha wafanyakazi, alikuwa amesafiri hadi Copenhagen 1915 kupeleka malalamiko, na aliporudi aliunga mkono Marekani. Ukiwa umechoka na mwenye nyumba, landilodi mpya anaonekana malaika. Machi 31, 1917, bendera ilishushwa, nyingine ikapandishwa. Malaika alileta jeshi la wanamaji, lililotawala hadi 1931. Uraia ulikuja 1927. Gavana wa kuchaguliwa, 1970. Kumpigia kura rais wa Marekani, mpaka leo bado.

Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuwa miongoni mwa vikubwa duniani kilifungwa St. Croix 2012, kikafunguliwa tena 2021, kikamwagia nyumba za majirani matone ya mafuta, kikafungwa baada ya miezi michache. Umeme ni ghali na hukatika. Hapo hatuhitaji kuelezwa. Septemba 2017, vimbunga Irma na Maria vilipiga visiwa hivyo ndani ya wiki mbili. Ulikuwa mwaka wa kuadhimisha miaka 100 tangu kuuzwa. Waziri mkuu wa Denmark alikuja mwezi Machi, akahutubia, akasema maneno mazito kuhusu utumwa. Msamaha rasmi hakuomba.

Mwaka 2018, mbele ya lile Ghala la West Indies, wasanii Jeannette Ehlers wa Denmark na La Vaughn Belle wa St. Croix walisimamisha sanamu ya Malkia Mary, ya urefu wa mita kama saba, ameketi kwenye kiti na panga la miwa mkononi. Msingi wake ulikuwa na mawe ya matumbawe yaliyochongwa zamani na watumwa wa St. Croix. Dhoruba iliivunja Desemba 2020.

Kitu kingine Denmark ilichofanya mwaka wa maadhimisho ni kuweka mtandaoni nyaraka zake za visiwa hivyo, kurasa zipatazo milioni tano: orodha za watumwa, hesabu za mashamba, kesi, barua. Nyingi zilikuwa zimehamishiwa Copenhagen, kwa hivyo mtu wa St. Croix aliyetaka kumjua bibi yake mzaa bibi alihitaji tikiti ya ndege. Sasa anahitaji simu tu. Anafungua ukurasa, anaukuza kwa vidole viwili, na anakuta Kidenmark kilichoandikwa kwa mkono wa kale ambao hata Wadenmark wengi wa leo hawawezi kuusoma.