Kusimama njiani kwa tiketi ya bei nafuu: mambo ya kujua kabla hujalipa

Wengi wa wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya au Marekani hupitia mji wa kati, kama Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Ndipo linapozuka swali: ikiwa ndege inapita huko hata hivyo, kwa nini nisishuke siku mbili tatu nikamwona ndugu yangu, kisha niendelee na safari kwa tiketi ileile?

Inawezekana, na wakati mwingine nauli haiongezeki. Lakini msafiri akikosea utaratibu anaweza kupoteza tiketi yote iliyobaki, pamoja na ya kurudi nyumbani. Hapa tunaeleza jinsi jambo hili linavyofanya kazi.

Kipimo ni saa 24

Katika safari za kimataifa, mashirika ya ndege kwa kawaida hutumia kipimo cha saa 24. Ukikaa mji wa kati chini ya saa hizo, unahesabiwa kuwa unaunganisha ndege tu. Ukizidisha, umesimama njiani, au kama wanavyosema mawakala wa tiketi, umefanya stopova.

Kwa mfano, ukifika Istanbul Jumatatu saa 12 asubuhi na kuondoka Jumanne saa 11 alfajiri, ni saa 23, kwa hiyo bado unaunganisha ndege. Ukingoja ndege ya Jumanne jioni, umeshavuka mpaka huo na masharti yanabadilika.

Masharti yako ndani ya nauli

Abiria wawili waliokaa viti vya jirani wanaweza kuwa wamelipa nauli mbili tofauti, na kila nauli ina masharti yake. Nauli za ofa mara nyingi ndizo zenye vikwazo vingi. Baadhi hazikubali kabisa kusimama njiani, nyingine hukubali mara moja kwa malipo ya ziada, na chache hukubali bure katika mji ambao shirika lina makao yake.

Masharti ya nauli yana sehemu inayohusu kusimama njiani na sehemu nyingine inayohusu kubadilisha tarehe. Usizichanganye. Tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe si lazima iruhusu kusimama njiani. Angalia pia muda wa juu wa safari. Ikiwa nauli inakutaka urudi ndani ya mwezi mmoja, siku za njiani zimo ndani ya mwezi huo.

Omba kabla tiketi haijatolewa

Ukinunua mtandaoni, usichague safari ya kwenda na kurudi. Chagua safari ya miji mingi, kisha uandike kila kipande na tarehe yake: Dar es Salaam hadi Doha tarehe 3, Doha hadi London tarehe 6, London hadi Dar es Salaam tarehe 30. Ukipitia kwa wakala, mwambie mapema, kabla hujalipa.

Bei ikipanda sana, huenda nauli ya ofa uliyoiona mwanzo hairuhusu kusimama, na mfumo umekupa nauli ya juu zaidi. Jaribu kusimama wakati wa kurudi badala ya kwenda, au punguza kukaa kwako kuwe chini ya saa 24, au linganisha na shirika jingine.

Tiketi ikishatolewa, kuongeza kituo ni mabadiliko. Unaweza kudaiwa ada ya mabadiliko, tofauti ya nauli na kodi mpya, na jumla hiyo inaweza kumaliza unafuu wote wa ofa.

Usishuke tu

Kosa kubwa zaidi ni kutoka nje ya uwanja wa mji wa kati na kuiacha ndege inayofuata iondoke, ukidhani utapanda ya kesho. Vipande vya tiketi hutumika kwa mpangilio. Usipotokea kwenye kimoja bila taarifa, shirika linaweza kufuta vyote vinavyofuata, na utalazimika kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo.

Kodi nayo hubadilika

Nauli isipoongezeka, kodi inaweza kuongezeka. Nchini Uingereza, abiria anayeunganisha ndege za kimataifa ndani ya saa 24 kwa tiketi moja halipi ushuru wa abiria wa anga kwa ndege anayoondoka nayo. Akikaa zaidi, ushuru huo huingizwa kwenye tiketi, na kwa safari ndefu si kiasi kidogo.

Viza na chanjo

Kusimama njiani maana yake ni kuingia nchini, kwa hiyo fuata masharti ya viza ya nchi hiyo kwa mwenye pasipoti kama yako. Saudi Arabia, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2023 viza ya wapitao njia inayoruhusu kukaa hadi saa 96 na kufanya Umra. Kwa upande mwingine, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanaounganisha ndege katika viwanja vya nchi za Schengen kwa kawaida huhitaji viza hata wasipotoka nje ya uwanja.

Chanjo ya homa ya manjano huwashtua wengi. Ukitoka Ulaya moja kwa moja hadi Tanzania, huulizwi cheti. Ukisimama siku mbili Addis Ababa, utakuwa umetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania itakitaka. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo hakiwezi kutafutwa dakika ya mwisho.

Mizigo na malazi

Ukisimama njiani, mabegi yako hutolewa katika mji huo nawe unayakabidhi upya siku ya kuondoka. Hakikisha lebo iliyobandikwa inaonyesha mji sahihi. Hoteli ambayo baadhi ya mashirika huwapa abiria wanaongoja ndege kwa muda mrefu kwa kawaida haimhusu aliyechagua mwenyewe kukaa.

Maswali ya kumuuliza wakala

Kabla ya kutoa fedha, uliza: Je, nauli hii inaruhusu kusimama njiani, mara ngapi na katika mji gani? Nitalipa kiasi gani cha ziada, kodi ikiwemo? Nikibadilisha tarehe baadaye, ada ni kiasi gani? Na je, safari yote iko kwenye tiketi moja? Swali la mwisho lina uzito, kwa sababu ukiwa na tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili huenda lisikubali kubeba mzigo wa hasara hiyo. Omba majibu kwa maandishi na uyahifadhi pamoja na tiketi.